Kabla mwanao hajadisko

Mwaka wa masomo ukikaribia, stendi ya Babati hujaa masanduku, ndoo na magodoro. Vijana wanapanda basi linalopita Kondoa kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Wazazi wanauliza kuhusu ada, na Bodi ya Mikopo itatoa bumu lini. Ni wachache wanaouliza: ukiugua wakati wa mitihani, utamwona nani?

Mwanafunzi aliyelala chumbani na malaria yake, akakosa mtihani bila kutoa taarifa, huhesabiwa amefeli. Anaweza hata kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mwenzake aliyekwenda zahanati, akapata karatasi ya daktari na kuomba ruhusa mapema, anaweza kupangiwa mtihani maalumu. Ugonjwa ni uleule. Ukichukua muda mrefu, kuna utaratibu wa kuomba kuahirisha masomo.

Pa kuanzia ni ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wengi huikwepa wakidhani ni ya nidhamu tu, kumbe hata msiba, kukosa hela ya kula, mimba au mawazo yanayonyima usingizi hupelekwa hapo.

Shida ni kwamba kijana akikwama hunyamaza, hasa akijua ng'ombe aliuzwa ili yeye asome. Basi kabla hajapanda, mwambie ng'ombe huyo hatadaiwa. Akishafika, mpigie umuulize ofisi hiyo iko jengo gani. Kama hajui, aende akaione wiki hiyohiyo, angali mzima.