Je, Wajua? Swichi Imezimwa, Stima Bado Iko Darini

Je, wajua kwamba ukizima swichi ya ukutani, stima inaweza kuwa bado iko palepale juu ya kichwa chako? Kikima, katika vilima vya Mbooni, kama kwingineko Kenya, wengi wakitaka kubadilisha taa huzima swichi ya chumba, wakavuta meza na kupanda. Sasa chukulia umefungua kifuniko cha silingi rozi, ile sahani ndogo ya plastiki inayoshika waya wa taa darini, ukatazama ndani. Katika nyumba nyingi hutakuta nyaya mbili tu. Kuna laivu inayoingia, yaani waya unaoleta stima, kuna nyutro inayoirudisha, kuna waya unaoshuka kwenda kwenye swichi na mwingine unaorudi kutoka huko, na pengine jozi nzima inayoendelea kwenye chumba cha pili. Fundi aliyeifunga nyumba aliigeuza rozi hiyo kuwa njia panda. Swichi huikatia balbu peke yake. Laivu inayoingia hubaki hai, volti 240, usiku na mchana.

Kwa hiyo kinachozimwa ni meni swichi, ile kuu ya nyumba nzima, si swichi ya chumba. Ukishaizima, waambie wote walio nyumbani, kwa sababu mtu akiona giza hukimbilia kuiwasha.

Rangi nazo zina hadithi yake. Kwa miaka mingi nyumba za Kenya, kwa kufuata Uingereza, zilifungwa waya mwekundu kwa laivu na mweusi kwa nyutro. Mwaka 2004 Uingereza ilibadilika ili ilingane na nchi nyingine za Ulaya: kahawia ikawa laivu, buluu ikawa nyutro, na rangi hizo mpya zikafika hata kwetu. Shida iko kwenye stima ya fezi tatu. Katika mpango wa zamani buluu ilikuwa mojawapo ya nyaya hai na nyeusi ilikuwa nyutro. Katika mpango mpya nyeusi ni hai, na buluu ndiyo nyutro. Rangi hizo mbili zimebadilishana kazi kabisa, na nyumba iliyoongezewa vyumba miaka ya karibuni inaweza kuwa na mipango yote miwili chini ya paa moja. Hata katika nyumba ya kawaida yenye rangi za zamani, ule waya unaorudi kutoka kwenye swichi mara nyingi ni mweusi, na ni hai kila taa inapowashwa. Fundi mwangalifu huuzungushia kipande cha tepu nyekundu. Wengi hawafanyi hivyo. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga picha ya rozi kwa simu na uweke alama kwenye kila waya. Rangi peke yake usiiamini.

Je, wajua kwamba ile testa ya bisibisi hukutumia wewe mwenyewe kama waya? Unapoweka kidole nyuma yake, mkondo mdogo sana hupita ndani ya testa, ukapita mwilini mwako, ukaenda ardhini, ndipo kitaa chake kikawaka. Basi ukiwa umesimama juu ya meza kavu ya mbao, na viatu vya mpira miguuni, kitaa hicho kinaweza kufifia kiasi cha kutoonekana, hasa mchana jua likiingia dirishani. Waya uko hai, na testa inaonyesha kama umekufa. Mafundi waliosomea kazi huijaribu testa kwanza kwenye soketi wanayojua ina stima, wakapima waya wa darini baada ya kuzima meni, kisha wakarudi kwenye chombo kingine chenye stima kuhakikisha testa haikufa katikati ya kazi. Mita yenye nyaya mbili ni bora zaidi, maana haikutegemei wewe kufika ardhini.

Usidhani stima ya taa ni ndogo. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 250. RCD, kile kifaa cha nyumbani kinachokata stima inapovuja kwenda ardhini, huwekwa kikate ikifika 30, kwa kuwa kuanzia hapo moyo uko hatarini. Balbu moja, basi, hupitisha zaidi ya mara nane ya kiwango hicho. Tena RCD hutambua stima inayovuja tu. Ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku umesimama juu ya kitu kikavu, itakuona kama balbu nyingine na haitakata.

Watu hupenda kufanya kazi hii stima ikiwa imepotea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana kaskazini mwa Ukambani, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Siku kama hiyo hakuna awezaye kukuambia stima itarudi dakika gani, na ikirudi haipigi hodi. Tokeni za mita ya stima zikiisha ni vilevile: mtoto akibonyeza zile tarakimu 20, rozi uliyoishika imekuwa hai.

Balbu ya pini, iliyozoeleka sana kwetu, ina kitako cha milimita 22. Ya kuzungusha ina 27. Katika holda ya kuzungusha, laivu lazima iende kwenye ncha ya katikati, kule chini kabisa. Nyaya zikigeuzwa, ule mzingo wa chuma unaoshika balbu ndio unaokuwa hai, na vidole huwa karibu nao kila unapobadilisha balbu. Taa itawaka vizuri tu, kwa hiyo kosa hilo linaweza kukaa miaka bila kujulikana.

Balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku, ilhali imezimwa, nayo inasema jambo. Wakati mwingine ni stima kidogo inayojipenyeza baina ya nyaya zilizolala pamoja, na hilo halina hatari kubwa. Lakini huenda pia fundi alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu, na hapo holda huwa hai saa zote. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, aangalie.

Nyumba nyingi za vilima vya Mbooni hazina dari. Waya hupita juu ya mbao, chini kidogo ya mabati. Ganda lake likisuguliwa na ncha ya bati au likatafunwa na panya, paa lote linaweza kubeba stima, pamoja na gata ya bati inayopeleka maji kwenye tangi. Kinachotegemewa hapo, paa likiwa limeunganishwa nayo, ni athi, ile nondo iliyopigiliwa ardhini, na athi huhitaji udongo wenye unyevu. Kikima juu mlimani udongo hushika unyevu kuliko Kalawa kule chini, na kiangazi kikikaza nondo ileile huweza kupeleka stima ardhini kwa shida zaidi. Kitufe cha kujaribia kwenye RCD hakipimi jambo hili. Kinaonyesha kwamba RCD yenyewe inakata. Hali ya nondo hujulikana kwa mita ya fundi, na wakati mzuri wa kuipima ni mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijanyesha.