Anapotaka Kurudi Kwao

Jua linapoelekea kuzama, mama mmoja wa miaka 79 wilayani Hai, Kilimanjaro, hutandaza kanga kitandani, akapanga juu yake gauni mbili na shuka, akafunga furushi na kusimama mlangoni. Anataka kurudi kwao Kibosho. Mama yake anamsubiri.

"Mama, hapa ndipo kwako," binti yake alikuwa akimwambia. "Na bibi tulishamzika zamani."

Hapo kilio kilianza. Mama yule alilia kama aliyeletewa habari za msiba siku hiyo hiyo. Kesho yake jioni, akiambiwa tena, alilia upya. Binti alinieleza haya kliniki huku akifuta macho: "Daktari, namwambia ukweli tu. Mbona haumwingii?"

Haumwingii kwa sababu pa kuuweka pameharibika. Ugonjwa wa Alzheimer alio nao mama huyu, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa kawaida huanza kushambulia hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, kulia na kushoto. Hiyo ndiyo hulipokea jambo la leo na kulisaidia liwe kumbukumbu. Ikidhoofu, la asubuhi halifiki mchana, ilhali ya ujanani, yaliyokwisha kujikita, hubaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana Kibosho ya utoto wake anaiona wazi kuliko nyumba aliyozeekea.

Hisia, hata hivyo, hazifutiki upesi hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikumbuka machache mno ya walichokitazama, lakini huzuni ilikuwa bado imewakaa. Basi ukibishana na mzazi wako, maneno atayasahau, uchungu atabaki nao asijue umetoka wapi.

Nilimwomba binti aache kumsahihisha. "Nimdanganye mama yangu?" Swali zito, na wengi huniuliza. Si lazima umdanganye. Muulize habari za huko: mama yako alikuwa akipika nini? Anayelilia kwao mara nyingi ana hofu, na hofu haisikii hoja. Washa taa kabla giza halijaingia, maana vivuli vya jioni humchanganya. Mpe sinia la maharage achambue. Mikono hukumbuka kazi iliyoizoea hata kichwa kikishindwa.

Jambo moja lisipuuzwe. Alzheimer huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo anaweweseka, mpeleke hospitali leo. Huenda ana nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, au amechanganywa na dawa, zikiwamo baadhi ya zile za mafua na usingizi. Mengi ya hayo yanatibika.

Majirani nao waambiwe. Hai hii hii watafiti walipita vijijini wakakuta zaidi ya watu 6 katika kila 100 waliofikisha miaka 70 wana demensia, kwa hiyo si aibu ya nyumba moja. Na kuficha kuna hatari. Nchini mwetu, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mama anayekutwa usiku uani kwa mtu, hawezi kueleza alifikaje, anahitaji jirani na balozi wa nyumba kumi wanaojua kwamba anaumwa.

Binti huyu ana ndugu watatu Dar es Salaam. Wanatuma pesa, na zinasaidia kweli. Lakini pesa haiamki saa 8 usiku kumrudisha mama kitandani. Niliwapigia nikawaomba kila mmoja aje wiki moja, kwa zamu, dada yao alale. Wawili wamekuja. Wa tatu bado namsubiri.

Nilipowatembelea mwezi uliopita, furushi lilikuwa mlangoni. "Kaa kwanza tunywe chai, Mama, unisimulie huko kwenu," binti alisema. Mama akakaa, akaeleza mtori wa mama yake ulivyopikwa, ndizi gani, nyama kiasi gani, mpaka macho yakawa mazito. Siku hizi, binti aliniambia, yeye ndiye hulifungua furushi asubuhi na kurudisha gauni kabatini bila kusema neno.