Ubwiri unga: Hesabu ya korosho Lulindi huanza Juni

Mfanyabiashara anayesubiri minada ya Oktoba ndipo aanze kuipigia hesabu korosho ya Lulindi, wilayani Masasi, huwa amechelewa kwa miezi minne. Kiasi na ubora wa mzigo utakaofika ghalani huamuliwa mapema zaidi, kati ya Juni na Septemba, wakati mikorosho inapochanua. Mwamuzi ni ukungu mdogo usioonekana kwa macho mpaka uwe umekwisha kuenea: ubwiri unga.

Historia inatosha kuwa onyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani 16,500 hivi. Bei ndogo kwa mkulima na kuhamishiwa watu vijijini, mbali na mashamba yao, vilichangia. Hata hivyo, ubwiri unga, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ndio uliozuia hata miti iliyotunzwa isizae.

Ukungu huu hauishi kwenye udongo wala kwenye majani makavu. Hula seli hai tu. Spora, yaani vijimbegu vyake, hupeperushwa na upepo na kutua juu ya jani changa au ua. Huko huota, huingiza vijimirija ndani ya seli za ngozi ya mmea na kunyonya chakula. Baada ya siku chache hutoa spora mpya kwa maelfu, na hizo ndizo ule unga mweupe anaouona mkulima. Ua lililoshambuliwa hukauka, na hapo korosho imepotea kabla ya kuzaliwa.

Kivuli ni mtaji wa ugonjwa

Spora za ubwiri unga hazihitaji matone ya mvua ili ziote; unyevu wa hewa na umande wa kiangazi huzitosha. Kinachozisumbua ni jua kali, kwani miale yake hukausha na kuua spora zilizo wazi. Ndiyo maana ugonjwa hujificha kwenye matawi ya ndani na ya chini, hasa kwenye machipukizi yanayoota shinani, na kutoka hapo hupanda hadi kwenye maua.

Kwa hiyo kupogolea na kuondoa machipukizi kabla ya Juni ni kinga isiyohitaji mkopo wa pembejeo. Hali kadhalika nafasi. Miti iliyopandwa mita 12 kwa 12, kama inavyoshauriwa, huwa 28 hivi kwa ekari, na mwanga hupita. Shamba la zamani ambalo matawi yake yameshikana ni ghala la ugonjwa, hata likipulizwa dawa.

Salfa ina bei mbili

Dawa iliyoirudisha korosho ya kusini sokoni ni unga wa salfa, uliofanyiwa utafiti katika Kituo cha Naliendele, Mtwara. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukisaidia unga kushika. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14, hadi mara tano. Hiyo ni kilo 1.25 kwa mti kwa msimu, au kilo 35 kwa ekari ya miti 28. Mfuko wa kilo 25 hautoshi ekari moja.

Bei ya kwanza hulipwa dukani. Ya pili hulipwa na udongo. Salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria kuwa tindikali. Udongo wa mchanga, ambao ni mwingi Masasi na Newala, hauna nguvu kubwa ya kuizima. Watafiti waliopima mashamba ya kusini katika miaka ya 1990 walikuta tindikali ikiongezeka na rutuba ya madini ikipungua.

Tindikali hiyo haiui ubwiri unga, kwa kuwa makao yake ni juu ya mti. Huumiza mizizi ya mkorosho wenyewe na mazao yanayopandwa chini yake, kama karanga na kunde. Kikemia, kilo moja ya salfa ikigeuka yote kuwa tindikali huhitaji takriban kilo tatu za chokaa ili kuizima. Kwa kilo 35 za ekari moja, hesabu ya juu kabisa ni kilo 110 za chokaa kwa msimu. Sehemu ya salfa hupeperushwa nje ya shamba, hivyo kiasi halisi hujulikana kwa kupima udongo tu.

La kufanya

Dawa za maji, zinazopulizwa kwa vipimo vya mililita, hupunguza salfa inayofika ardhini, nazo zinafaa kupigiwa hesabu pamoja na gharama ya maji na bomba. Mwekezaji anayenunua shamba aulize mambo matatu kabla ya bei: matawi yameshikana kiasi gani, salfa imepulizwa kwa miaka mingapi, na kipimo cha pH ni kipi. Mnunuzi naye atembelee mashamba Julai. Maua yaliyogeuka meupe mwezi huo humweleza mengi kuhusu mzigo wa Oktoba, siku nyingi kabla chama cha msingi hakijafungua ghala.