Simba, heroe na mguu wa mgonjwa wa jongo

Ndani ya kreta ya Ngorongoro, kandokando ya Ziwa Magadi, simba na heroe huweza kuonekana katika eneo moja. Wa kwanza, Panthera leo, ni mamalia mla nyama. Wa pili, Phoeniconaias minor, ni ndege wa miguu mirefu achujaye vijimea vidogo vya maji ya magadi kwa mdomo uliopinda. Nasaba zao zilitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Akiulizwa binadamu anamkaribia yupi, tabibu atamtaja simba bila kusita. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kwalo binadamu amemwelekea heroe, nalo huwafikisha watu kliniki wakiwa hawawezi kukanyaga chini.

Nyama na vijimea hivyo vyote vina purini, ambazo mwili huzivunja hadi kuwa asidi ya yuriki. Simba dume huweza kula kilo 30 za nyama kwa mlo mmoja asiumwe kidole, kwa kuwa ini lake lina kimeng'enya kiitwacho yurikesi. Hicho huigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, inayoyeyuka kwa urahisi katika mkojo. Heroe hana yurikesi. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya mwili wake hutoka ikiwa asidi ya yuriki yenyewe: ule uji mweupe uonekanao hata katika kinyesi cha kuku wa nyumbani. Njia hiyo huokoa maji, lakini figo za ndege zikidhoofika, chembe nyeupe hutanda viungoni na hata juu ya moyo.

Binadamu na sokwe walipoteza yurikesi mamilioni ya miaka iliyopita. Jeni yake ingalipo, ila haifanyi kazi. Asidi ikizidi takribani miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, fuwele huweza kujijenga, hasa katika kidole gumba cha mguu. Hilo ndilo jongo.

Kwa hiyo si haki kumlaumu mgonjwa kwa ulafi pekee. Maini, nyama na bia huchangia, lakini urithi na hali ya figo vina uzito mkubwa zaidi. Dawa nazo zimo: haidroklorothiazaidi ya shinikizo la damu, na pirazinamidi ya kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu aumwaye viungo asiache dawa, arudi kliniki.

Alopurinoli hupunguza utengenezaji wa asidi. Huanzwa kwa dozi ndogo, ikapandishwa hadi kipimo kishuke chini ya miligramu 6. Maumivu huweza kurudi katika miezi ya mwanzo, na hapo ndipo wengi huitupa dawa, ilhali fuwele za zamani ndizo zinazoyeyuka.

Kumrejeshea binadamu yurikesi kumewezekana pia. Rasburikesi hutiwa mshipani kwa wagonjwa wa saratani ambao seli za uvimbe zinavunjika kwa kasi. Lakini kimeng'enya hicho huzalisha haidrojeni peroksidi, na kwa mwenye upungufu wa G6PD, hali iliyoenea katika nchi zenye malaria, seli nyekundu za damu huweza kupasuka. Kwa sababu hiyo, kipimo cha G6PD hutangulia dawa.