Taka za Nyumbani Vijijini (2): Jaa la Zamani, Taka za Leo

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia miji inavyoelemewa na taka zake. Leo tupande vijijini, ambako gari la taka halifiki.

Mfano wangu ni kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Zamani hapo ilikuwa vigumu kupata kitu cha kuitwa taka. Maganda ya ndizi yaliliwa na ng'ombe zizini, na mgomba uliokwisha kukatwa mkungu ulikatwakatwa ukawa lishe. Samadi ilirudi kwenye migomba na mibuni, majivu yakamwagwa shinani. Kilichosalia kilitupwa nyuma ya nyumba, na masika yalipopita kilikuwa udongo. Aliyetupa pale hakuwa mchafu. Alikuwa analisha shamba. Nalisisitiza hili kwa sababu mafunzo mengi ya usafi huanza kwa kuwakaripia wanakijiji.

Watu bado wanatupa palepale. Kilichobadilika ni kinachotupwa. Katika duka la kijiji karibu kila kitu sasa kimefungwa kwa plastiki: sabuni ya unga ya kufulia mara moja, majani ya chai, biskuti, juisi za watoto. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ya rambo imepungua kweli. Lakini vifungashio vya viwandani havikuguswa, na hivyo ndivyo vinavyojaa majaani.

Jaa likijaa, huchomwa. Moto wake ni wa moshi mwingi na joto dogo, hauteketezi kitu sawasawa. Plastiki yenye klorini, kama vipande vya mabomba ya PVC, ikiungua hivyo hutoa dioksini, sumu inayojikusanya katika mafuta ya mwili, hukaa humo miaka mingi na huweza kuleta saratani. Linaloniuma zaidi ni la jikoni. Mama huchukua kipande cha nailoni, hukiwasha, kisha hukiinamisha kidondoshe matone ya moto juu ya kuni mbichi mpaka zishike. Moshi ule anauvuta yeye na mtoto wa mgongoni. Kesho yake majivu yale yanamwagwa kwenye mchicha, kama majivu ya kuni tupu yalivyomwagwa tangu enzi za bibi.

Betri za tochi na redio nazo huishia jaani au chooni. Wapo wanaoamini kwamba zikitumbukizwa chooni hupunguza ujazo wa shimo. Hazipunguzi chochote. Zinaoza ganda tu, na madini yake yanaingia ardhini.

Kutenganisha taka nyumbani si kazi ngumu: kiroba kimoja kitundikwe jikoni kwa plastiki na betri, maganda yaendelee kwenda zizini. Ugumu ni kiroba kikijaa kiende wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo halmashauri ndiyo ya kuulizwa. Si lazima gari lipite kila kitongoji. Lije siku ya gulio, watu wakiwa wanateremka na ndizi zao. Bati na chuma havikai jaani hata leo, kwa kuwa mnunuzi wa chuma chakavu huvifuata mpaka mlangoni. Chupa za plastiki nazo zikipangiwa bei palepale gulioni, watoto watazimaliza vichochoroni.

Sehemu ya tatu itahusu pampasi, na choo cha shimo kinachojaa kabla ya wakati wake.