Kuinstoli programu: "Next, Next" au amri moja?

Wauzaji wenzangu wa Arusha na kwingine, laptopu ya duka ndiyo imebeba oda, madeni ya wateja na paswedi za peji. Angalia programu inaingiaje.

Njia ya kubonyeza: unapakua mtandaoni, "Next" mpaka mwisho. Faida, unachagua unachotaka. Hatari ni tovuti feki, na viboksi vyenye tiki tayari vinavyoingiza programu usizoziomba.

Njia ya kimya: Windows 11, na Windows 10 iliyosasishwa, zina winget. Fungua Command Prompt, andika:

winget install -e --id TheDocumentFoundation.LibreOffice --silent

LibreOffice ni ya bure, inafaa kwa hesabu za stoo. Winget inalinganisha faili na alama yake iliyosajiliwa, zisipolingana, inakataa. Mara ya kwanza itauliza masharti: andika Y. Windows ikiomba ruhusa, bonyeza "Yes", kisha endelea kufunga mzigo wa Usa River.

Ila kimya maana yake haikuulizi: inakubali mipangilio yote ya kawaida. Bando nalo linaliwa vilevile. Usikopi amri ya mtu usiyemjua. Soma jina la programu kwanza, ndipo ubonyeze Enter.