Mashine ya kusaga imesimama? Usiingize mkono bado

Umeme umekatika, mashine ya kusaga imesimama na wenye mahindi wamepanga foleni. Unaona ni nafasi nzuri ya kuzibua chekeche au kurudisha mkanda uliotoka. Hapo ndipo hatari ilipo: kama swichi bado iko kwenye kuwasha, umeme ukirudi mashine inaweza kuanza kuzunguka ghafla.

Kabla ya kufungua mfuniko, fanya haya:

1. Waambie wote waliopo kwamba mashine inatengenezwa.
2. Zima mashine, kisha swichi kuu. Ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Mkiwa mafundi wawili, kila mmoja aweke kufuli lake.
3. Tundika kibao: "USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI."
4. Subiri. Nyundo za ndani huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya kuzima.
5. Jaribu kuiwasha. Isipowaka, rudisha kitufe kwenye kuzima.

Kama unatumia injini ya dizeli, funga mafuta, chomoa waya wa betri ikiwa ipo, kisha vua mkanda. Dizeli haihitaji cheche ili iwake, hivyo kuzungusha gurudumu kwa mkono kunaweza kuishtua injini.

Ukimaliza, rudisha vifuniko, kusanya vifaa vyako na uwaondoe watu karibu. Kufuli lifunguliwe na aliyelifunga tu. Wateja wakikuharakisha, waombe wasubiri. Unga ukichelewa utapatikana. Kidole kikikatika hakirudi.